Kompyuta ya Kushonesha



Kwetu Afrika Mashariki mtu aliyetaka nguo ya sikukuu alikuwa na njia tatu. Aliweza kuchagua mtumba sokoni, aliweza kununua nguo iliyokwisha kushonwa dukani, au alinunua kitambaa akakipeleka kwa fundi cherehani, akapimwa mabega na kiuno, akaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa mara nyingi iligeuka kuwa Jumatatu. Hata hivyo nguo ya kushonesha ilikuwa na faida ambayo zile nyingine hazikuwa nayo: mwenyewe alijua ni kitambaa gani kilichoingia na ni yadi ngapi, na mshono ukifumuka alijua mlango wa kubisha.

Katika makala haya nataka kukumbusha kwamba hapa Sydney, kwa miaka ipatayo ishirini, kompyuta nazo zilikuwa zikishoneshwa. Wengi wetu tulioingia katika mji huu kati ya katikati ya miaka ya 1990 na mwisho wa miaka ya 2000, kompyuta yetu ya kwanza haikuwa na jina la kampuni kubwa usoni. Ilikuwa ni kasha la bati, ambalo sisi kwa mazoea tuliliita "CPU", lililofungwa skrubu moja moja nyuma ya duka dogo huko Auburn, Granville, Cabramatta au Haymarket. Vijana wetu waliozaliwa hapa wakiliona kasha kama hilo gereji huuliza kwa nini hatukununua "ya kampuni". Jibu la haraka ni bei. Jibu kamili linahitaji historia kidogo, na historia hiyo ina funzo ambalo naona tumeanza kulisahau.

Oda ya kwanza

Si wengi wanaojua kwamba mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa duniani iliundwa hapa hapa Sydney. Iliitwa CSIR Mark 1, baadaye CSIRAC, na iliendesha programu yake ya kwanza mwezi Novemba 1949 katika maabara ya utafiti wa redio iliyokuwa ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Sydney. Waliobuni ni Trevor Pearcey na Maston Beard. Ilikuwa na vali za kioo zipatazo 2,000, mfano wa zile zilizokuwa ndani ya redio za mbao za babu zetu, na kumbukumbu yake yote haikufika kilobaiti 3. Mwaka 1955 ilifunguliwa ikasafirishwa hadi Melbourne, na huko ndiko inakohifadhiwa mpaka leo.

Hiyo ilijengwa na watafiti wenyewe kwa mikono yao. Iliyofuata ndiyo inayohusu zaidi habari yetu, maana ilikuwa ya kuagizwa. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Sydney, chini ya Profesa Harry Messel, ilichukua mfano wa mashine ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ikapeleka kazi kwa kampuni ya vifaa vya simu ya hapa mjini, Standard Telephones and Cables, nayo ikaitengeneza. Mashine hiyo iliitwa SILLIAC. Ilianza kazi mwaka 1956 na kustaafishwa mwaka 1968. Aliyetoa fedha za kuanzia, pauni 50,000, ni Adolph Basser, mhamiaji aliyezaliwa Kraków huko Poland na kufanikiwa hapa Sydney katika biashara ya miwani na vito. Farasi wake, Delta, ndiye aliyeshinda mbio za Melbourne Cup mwaka 1951. Kwa hiyo kompyuta ya kuagizwa katika mji huu ina mkono wa mhamiaji tangu siku zake za mwanzo.

Lehemu juu ya meza

Kutoka pauni 50,000 za Basser hadi meza ya mtu wa kawaida ilichukua kama robo karne. Mwaka 1968 kijana Dick Smith alifungua karakana ya redio za magari huko Neutral Bay, na baada ya muda maduka yenye jina lake yakawa mahali pa kununulia vipuri vya elektroniki kote nchini. Mwaka 1980 maduka hayo yalianza kuuza kompyuta ya nyumbani iliyoitwa System 80, iliyotengenezwa Hong Kong. Kisha mwezi Februari 1982 jarida la Your Computer likachapisha habari za MicroBee, kompyuta ya Kiaustralia kutoka kampuni ya Applied Technology ya Owen Hill. Mwanzoni MicroBee iliuzwa ikiwa vipande: mnunuzi alipewa ubao, vipuri na maelekezo, akaenda nyumbani kulehemu mwenyewe. Bei yake ya kuanzia ilikuwa chini kidogo ya dola 400. Baadaye ilitengenezwa ikiwa kamili huko Gosford, kaskazini mwa Sydney, na kuingia katika shule nyingi za Australia.

Lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa kama visiwa. Programu ya moja haikukubali katika nyingine, na kipuri cha moja hakikuingia katika nyingine. Fundi wa mtaani hakuweza kushona chochote kwa sababu kila mwenye kiwanda alikuwa na futi yake ya kupimia.

Sanduku lililoachwa wazi

Lililobadilisha mambo halikutokea Sydney. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilizindua kompyuta yake ndogo huko Marekani. Kwa haraka ya kuingia sokoni, IBM ilichukua sehemu nyingi kutoka kwa wengine: prosesa ya Intel, mfumo wa uendeshaji wa Microsoft. Tena ikachapisha kitabu cha ufundi kinachoeleza jinsi mashine ilivyoungwa, ili wengine watengeneze kadi za kuchomeka ndani yake. Kizuizi kikubwa kilichobaki kilikuwa ni hakimiliki ya BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine inapowashwa. Compaq waliandika BIOS yao wenyewe bila kunakili ile ya IBM, na mwaka 1982 wakatangaza mashine yao. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS ya namna hiyo, nao wakaizidisha biashara.

Hapo viwanda vya Taiwan vikaingia kazini. Gigabyte ilianzishwa mwaka 1986 na ASUS mwaka 1989, na ubao mama kutoka Taipei ukawa bidhaa ya kawaida kama betri ya gari. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kilichoitwa ATX, ambacho kilitaja hata matundu ya skrubu yawe wapi. Ni sawa na mafundi cherehani wa dunia nzima kukubaliana upana wa tundu la kifungo. Kasha la huyu, ubao wa yule na diski ya mwingine vikakaa pamoja bila ugomvi. Mtu mwenye bisibisi, meza, na mwagizaji wa kumkopesha mali kwa siku thelathini aliweza sasa kuwa mtengenezaji wa kompyuta.

Na sisi tulikuwa wapi?

Wakati hayo yakitokea, wengi wetu hatukuwa karibu kabisa na mambo haya. Tanzania, kwa mfano, ilijaribu kuweka hesabu za Hazina katika kompyuta, kazi ikaharibika na kula fedha nyingi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Siandiki haya kwa kulaumu, kwani fedha za kigeni zilikuwa adimu na kulikuwa na mahitaji mengi mbele ya kompyuta. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa umri wangu aliyesoma Tanga alimaliza shule bila kugusa kibodi, akafika Sydney na kukuta kwamba fomu ya kazi, masomo ya TAFE na kazi za shule za watoto vyote vinamtaka awe nayo. Na ndugu zetu waliotoka makambini, ambao idadi yao iliongezeka sana mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati Australia ilipotoa sehemu kubwa ya nafasi zake za wakimbizi kwa Waafrika, walikuwa na safari ndefu zaidi.

Basi tulikwenda kwenye maduka madogo. Wenye maduka niliowajua mimi walikuwa nao wageni wa juzi, kutoka Vietnam, Hong Kong, Uchina na Lebanoni. Juu ya kaunta palikuwa na karatasi ya bei yenye herufi ndogo pande zote mbili, iliyobadilika karibu kila wiki. Vipuri vilinunuliwa kwa dola za Marekani, na mwaka 2001, dola yetu iliposhuka chini ya senti 50 za Kimarekani, mwenye duka aliweza kukuonyesha kwa kikokotoo kwa nini bei ya jana si ya leo. Tangu tarehe 1 Julai 2000 kodi ya GST ya asilimia 10 nayo ilikuwa ndani ya hesabu. Mwishoni mwa juma kulikuwa na magulio ya kompyuta katika kumbi za mji, ambako wauzaji hao hao walipanga mali juu ya meza na watu wakasukumana kama gulioni kwetu.

Utamu wa mpango ule ni kwamba mnunuzi alikata kulingana na urefu wa mkono wake. Aliweza kuchukua prosesa ya mwaka uliopita, akatumia skrini ya zamani aliyopewa kanisani au msikitini, na kuacha nafasi ya kuongeza kumbukumbu akipata fedha. Aliweza hata kununua mashine bila Windows. Hilo si dogo, maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Aliyejua njia aliweza kukaa Granville akaandika barua kwenye mashine inayomwambia "Hifadhi" na "Chapisha" kwa lugha ya mama yake.

Kipande kimoja, nafasi mbili

Nitasimulia kisa kimoja changu, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha historia hii yote ina maana gani. Duka sitalitaja.

Mwaka 2004 binti yetu alikuwa akijiandaa kuingia Mwaka wa 11, na mimi na mama yake tulikuwa tumeweka dola 890 kwa miezi mitano kutokana na kazi ya usafi wa maofisi usiku. Jirani yetu, fundi redio kutoka Bukavu aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika hapa, alinisindikiza. Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubabaisha, lakini kabla hatujaingia dukani alinishika mkono akaniambia, "Yaya, usitoe pesa mbele ya kupata karatasi. Waandike kila kitu, moja moja."

Niliona haya kudai, lakini nilidai. Kijana wa kaunta akaandika: prosesa ya Athlon XP, ubao mama na jina lake, diski ya gigabaiti 80, na kumbukumbu ya megabaiti 512, vipande viwili vya 256. Baada ya siku tatu tukachukua mashine. Nyumbani binti akafungua mahali panapoonyesha sifa za mashine, akasema, "Baba, hapa pameandikwa chini ya 256."

Tulirudi. Mwenye duka alieleza kwa upole kwamba ubao ule hauna kadi yake ya picha, kwa hiyo picha za skrini hukopa kumbukumbu ya mashine, ndiyo maana inaonekana pungufu. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli nusu, na ukweli wa nusu ndio mgumu kujibu. Ubao wa namna ile hukopa kweli, lakini hukopa megabaiti 32 au 64, haukopi nusu nzima. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Jirani yangu hakuelewa maneno yote, wala hakuhitaji. Aligusa kibandiko cha dhamana kilichokatazwa kuvunjwa na mtu mwingine, akanyosha bisibisi yake kumpa mwenye duka mwenyewe, akasema kwa Kiingereza chake neno moja: "Open."

Mwenye duka akafungua. Ndani palikuwa na nafasi mbili za kumbukumbu na kipande kimoja. Nikaweka karatasi juu ya kaunta, kidole kwenye mstari. Aliita kijana wake, wakasemezana kwa lugha yao, kipande cha pili kikaletwa na kuchomekwa mbele ya macho yetu. Alisema kijana alisahau. Huenda ni kweli. Tulipeana mikono, na miaka mitatu baadaye nilirudi kwake diski ilipokufa, akanitendea haki.

Sheria ilikuwa upande wetu tangu zamani. Sheria ya shirikisho ya Trade Practices ya mwaka 1974 ilitaka bidhaa ilingane na maelezo yake, na tangu tarehe 1 Januari 2011 haki hiyo imo ndani ya Australian Consumer Law. Lakini wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kilichotuokoa siku ile ni vitu viwili: karatasi iliyotaja kila kipande kwa jina, na sanduku linalofunguka. Kimoja bila kingine kisingefaa. Ningekuwa na karatasi bila kufungua, ningeambiwa hadithi ya kadi ya picha. Ningefungua bila karatasi, ningeambiwa kwamba niliagiza kipande kimoja.

Sanduku linapofungwa

Siku za maduka hayo zilipungua kwa sababu zinazoeleweka. Kompyuta za mkononi zilishuka bei, na mwanafunzi hawezi kubeba kasha la bati kwenye treni. Mwaka 2009 wanafunzi wa Mwaka wa 9 katika shule za serikali za New South Wales walianza kupewa kompyuta ndogo za Lenovo chini ya mpango wa serikali ya Rudd, na familia nyingi za kwetu zikaona hakuna haja tena ya mashine ya mezani. Maduka ya Dick Smith, yaliyokwisha kuwa mikononi mwa wengine kwa miaka mingi, yalifungwa mwaka 2016. Maduka ya kuunganisha bado yapo, lakini wateja wake wengi sasa ni vijana wapenda michezo wanaotafuta mashine yenye nguvu, si baba anayehesabu dola za mwisho.

Jambo linalonisumbua ni kwamba sanduku lenyewe limefungwa. Tangu MacBook Air ya mwaka 2008, kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye ubao imekuwa jambo la kawaida katika kompyuta nyembamba. Hakuna nafasi mbili, hakuna kipande cha pili. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Tume ya Tija ya serikali ya Australia ilichunguza haki ya kutengeneza vifaa na ripoti yake ikatolewa Desemba 2021. Kwa magari sheria ya kuwapa mafundi wa nje taarifa za ufundi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2022. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10, huku Windows 11 ikikataa rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 au karibu na hapo. Mashine nzima, yenye afya, inaambiwa imezeeka.

Anayeumia zaidi ni yule yule wa dola 890. Mwenye nacho atanunua nyingine. Mgeni aliyefika mwaka jana, anayelipa kodi ya nyumba Blacktown na kutuma fedha Kigoma au Uvira, ndiye aliyehitaji mashine inayokua pamoja naye. Zamani alikuwa nayo, na hakupewa na serikali wala hisani ya mtu. Alipewa na mfululizo wa mambo ulioanza na kampuni moja kuacha sanduku lake wazi kwa haraka, ukapitia Taipei, ukaishia kwa fundi mgeni mwenzake wa Granville.

Ndugu zangu, hatuwezi kuirudisha miaka ile, wala sisemi kila duka dogo lilikuwa la haki. Lakini mambo mawili aliyonifundisha jirani yangu bado yanafaa. Unaponunua, iwe kompyuta, gari au friji, omba karatasi inayotaja kila kitu moja moja, wala usione haya. Na kabla ya kulipa uliza swali hili: kikiharibika kinafunguka, na nani anaruhusiwa kukifungua? Jibu litakueleza mengi kuliko bei.

Kasha la binti yetu liko gereji bado. Yeye sasa ana watoto, na juzi mwanawe wa miaka tisa alilikuta akataka kujua ndani kuna nini. Sikumweleza. Nilimpa bisibisi. Jirani yetu, ambaye mvi zimemjaa na Kiingereza chake sasa ni kizuri kuliko changu, alikuwa amekuja kunywa chai. Aliinama pale pale sakafuni akamwonyesha mtoto zile nafasi mbili na vipande vyake viwili.